Mteja Wako Hana Mdomo: Mwongozo kwa Wakili wa Kampuni

Hongera, wakili msomi. Umepata mteja ambaye hutakutana naye hata siku moja. Hapokei simu, haji kikaoni, hajawahi kunywa chai. Kila anachokitaka atakisema kwa kinywa cha mtu mwingine, na mara nyingi mtu huyo ni mkurugenzi anayesaini hundi yako. Anza hapo: mkurugenzi si mteja wako. Mheshimu, msikilize, mwamkie vizuri, lakini unayemtumikia ni kampuni.

Kazi hii tulirithishwa na fundi viatu wa London, Aron Salomon. Aliigeuza biashara yake kuwa kampuni, akabaki na karibu hisa zote. Mkewe na watoto watano wakapata moja moja ili idadi iliyotakiwa na sheria itimie. Biashara ilipoanguka, mfilisi alitaka Salomon abebe madeni. Mwaka 1896 Bunge la Malodi likaamua kwamba kampuni ni nafsi, na Salomon ni nafsi nyingine. Kesi hiyo inafundishwa hadi leo Dar es Salaam na Nairobi. Kuikumbuka kwenye mtihani si kazi. Kazi ni kuikumbuka ukishapewa gari la kampuni.

Siku fedha zikipotea na ukatumwa kuhoji wafanyakazi, mtunza stoo atakaa mbele yako akikuona mwokozi wake. Kabla hajafungua mdomo, mwambie: "Mzee wangu, mimi ni wakili wa kampuni, si wakili wako. Tutakayozungumza ni siri, lakini siri hiyo ni mali ya kampuni. Kesho ikitaka kuwapa polisi, itawapa bila kukuuliza. Ukitaka wakili wako mwenyewe, unayo haki hiyo." Usiyaseme mbio mbio kama mtu anayesoma masharti ya bahati nasibu redioni. Subiri aelewe. Akiamua kunyamaza, mwache.

Maneno hayo Marekani wanayaita onyo la Upjohn, kwa jina la kampuni ya dawa ya Michigan. Katika kesi yake ya mwaka 1981, Mahakama ya Juu ilisema mazungumzo ya wakili wa kampuni na wafanyakazi, hata wa ngazi za chini, yanaweza kulindwa kama siri, na mwenye siri ni kampuni. Na mkurugenzi mkuu umpe onyo hilohilo, neno kwa neno. Hapo ndipo ndimi nyingi huwa nzito.

Sasa sehemu ngumu. Umegundua mkubwa anavunja sheria kwa namna itakayoiumiza kampuni vibaya. Kanuni ya 1.13 katika kanuni za mfano za Chama cha Mawakili cha Marekani inakutaka upande ngazi: mweleze aliye juu yake, na ikibidi fika bodi. Bodi ikikataa kuchukua hatua, kanuni inakuruhusu, kwa kiasi kinachohitajika kuiokoa kampuni, kutoa taarifa nje. Ruhusa hiyo iliongezwa mwaka 2003, na sababu yake iko Houston.

Agosti 2001, Sherron Watkins, makamu wa rais katika kampuni ya nishati ya Enron ya huko Houston, alimwonya mwenyekiti Kenneth Lay kwamba kashfa za mahesabu zinaweza kuiangusha kampuni. Akaonya pia kwamba uchunguzi wasipewe mawakili wa Vinson & Elkins, kwa kuwa walihusika na baadhi ya mikataba hiyohiyo. Wakapewa wao. Tena walikubaliana na Enron kwamba hawatahoji uamuzi wa kihesabu wa wakaguzi, Arthur Andersen. Tarehe 15 Oktoba wakaandika kwamba hakuna haja ya uchunguzi mpana zaidi. Kesho yake Enron ikatangaza hasara ya dola milioni 618 kwa robo moja ya mwaka, na tarehe 2 Desemba ikaomba ulinzi wa sheria ya kufilisika. Maelfu ya wafanyakazi walipoteza kazi, wengi pamoja na akiba ya uzeeni iliyokuwa kwenye hisa za Enron.

Kwa hiyo ukipewa uchunguzi wenye swali lililokatwa nusu, ukatae. Ukipewa uchunguzi wa kazi ya mikono yako mwenyewe, ukatae haraka zaidi. Ada utakayoikosa itauma mwezi huu na ujao, na sitakudanganya kwamba haitauma. Lakini mteja asiye na mdomo hana mwingine wa kumsemea.

Na wakikufukuza kwa sababu ulipanda ngazi, bado hujamaliza. Kanuni hiyohiyo inakutaka uhakikishe kwamba chombo cha juu kabisa cha kampuni kimejua kilichokuondoa. Basi itafute leo namba ya simu ya mwenyekiti wa bodi, ungali una funguo za ofisi.