Malazi ya Kilimani

Mpwa wangu, aliyelelewa katika ghorofa ya tano huko Nairobi, aliwasili kwetu Likuyani msimu wa mavuno akiwa na hema la rangi ya chungwa, akanitaarifu kwa taadhima kwamba ameazimia kulala juu ya kilima cha Chetambe, pale Webuye, apate kwa mara ya kwanza katika umri wake kuonja ladha ya usiku wa nje. Nami, ambaye tangu utotoni hulala nje kila Novemba nikilinda mahindi yasije yakaota miguu, sikuwahi kujua kuwa ile ni ladha. Nilidhani ni ufukara.

Wabukusu waliopambana na majeshi ya Waingereza kilimani hapo mwaka 1895 walikesha kwa dharura, tena pasi na godoro la kujazwa upepo. Yeye alilipia.

Kulipopambazuka bodaboda ilimshusha uani kwangu, hema kajitanda mithili ya shuka, umande ukimchuruzika puani.

“Shikamoo mjomba. Usiku kucha nimezingirwa na mnyama mkali anayekohoa.”

Kabla sijaitikia, mbuzi wangu akakohoa.

Mpwa wangu akarejea juu ya bodaboda.