Meza Kuu ya Roboti: Kumi Bora Zilizofunzwa na Ulimwengu

Agosti 2008 wataalamu walikusanyika Edinburgh, Uskoti, kwa kongamano zima la swali moja: roboti zinajifunzaje, na mazingira yakizigeuka zinajirekebishaje? Kabla ya hapo, tangu mkutano wa Paris wa mwaka 1990, watafiti wa tabia za wanyama na mafundi wa mashine walikuwa wakikaa ukumbi mmoja kuulizana hilo hilo. Mada zimesomwa, chai ya saa nne imenywewa. Ila kuna jambo tamu ambalo halijaamuliwa: tukizialika roboti zenyewe, ipi ikae meza kuu?

Nimepanga kumi. Kipimo ni kimoja tu: mambo yakibadilika, unafanyaje? Umaarufu hauhesabiwi, bei haihesabiwi, na sura ndiyo kabisa. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na roboti haina mama. Haya, tunaanzia mkiani. Ukiona kipenzi chako kimeonewa, piga kelele.

10. Mkono wa OpenAI (2019)
Huu ndio mkono wa vidole vitano uliozungusha mchemraba wa Rubik, dunia ikapiga makofi. Ulifanya mazoezi ndani ya kompyuta kwa muda unaolingana na miaka elfu 13. Ukavishwa glavu, ukafungwa vidole, ukasukumwa na twiga wa kitambaa, na bado ukaendelea na kazi. Kwa nini basi uko mkiani? Mchemraba uliovurugwa vibaya kabisa uliushinda mara nne kati ya tano. Isitoshe, upande upi uzungushwe na lini, hayo yalitoka kwenye programu nyingine ya kawaida. Mkono ulijifunza kuzungusha tu.
*Hukumu:* Miaka elfu 13 ya masomo, na bado mwenzako ndiye anakupigia hesabu. Kaa karibu na mlango.

9. Mikono 14 ya Google (2016)
Ilipangwa safu, kila mmoja na beseni lake la vikorokoro, ikaambiwa: okoteni. Ikajaribu zaidi ya mara 800,000, na alichokiona mmoja kikawa somo la wote. Mwishowe iligundua, bila kuambiwa na mtu, kwamba kitu laini hakishikwi kama kigumu.
*Hukumu:* Wahenga walisema kosa ni kurudia kosa. Mikono hii imerudia makosa kwa maelfu na ikahitimu. Wahenga watusamehe.

8. ALVINN, dereva wa Pittsburgh
Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, Dean Pomerleau wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon aliufundisha mtandao wa neva kuendesha gari kwa kumtazama dereva kwa dakika chache. Jicho lake lilikuwa picha ya nukta 30 kwa 32, ndogo kuliko alama ya programu kwenye simu yako. Kasoro ikajitokeza mahali pasipotarajiwa: dereva hodari habanduki njiani, kwa hiyo mwanafunzi hakuwahi kuona gari lililoanza kupotoka. Likipotoka kidogo, hajui kulirudisha. Pomerleau akazigeuza picha zionekane kana kwamba gari limekwenda pembeni, kisha akauonyesha mtandao usukani unapaswa kukatwa vipi.
*Hukumu:* Mwalimu asiyekosea kamwe humtoa mwanafunzi asiyejua kurudi barabarani. Wazazi, mmesikia?

7. Mbwa wa Sony, Texas (2004)
Aibo ni mbwa wa plastiki aliyeuzwa kama wa kuchezea, lakini watafiti walimtia kwenye mpira wa miguu. Katika Chuo Kikuu cha Texas, Austin, Nate Kohl na Peter Stone waliwaacha Aibo watatu wakitembea huku na huko uwanjani, kila mmoja akipima mwendo wake mwenyewe. Kazi ya binadamu ilikuwa kubadilisha betri. Baada ya saa kama tatu walipata mwendo uliozishinda hatua zote za Aibo zilizojulikana wakati huo, zikiwemo zilizobuniwa kwa mkono na wataalamu.
*Hukumu:* Alasiri moja ya mazoezi imewapita wahandisi wenye shahada. Ila wamejifunza kwenye zulia moja. Wapelekeni uwanja wa vumbi kwanza, ndipo tuzungumzie viti vya mbele.

6. Theseus, panya wa Claude Shannon (1950)
Shannon wa Bell Labs alitengeneza panya mwenye sharubu za shaba na kumwachia kwenye vijia vya miraba 25. Mara ya kwanza anajigonga kila ukuta. Mara ya pili anakwenda moja kwa moja mpaka mwisho. Ukihamisha kuta, anapapasa upya sehemu iliyobadilika tu, akifika anapopajua anaendelea na njia yake ya zamani. Siri ilikuwa chini ya sakafu: sumaku ya kumvuta, na swichi za simu zilizobeba kumbukumbu zote.
*Hukumu:* Najua utasema panya mwenyewe hana akili, akili iko sakafuni. Kweli. Lakini wewe ukibadilishiwa kituo cha daladala hupapasi vizuri hivyo.

5. MENACE, maboksi 304 ya kiberiti (1961)
Hapa ndipo ugomvi unapoanza, maana hii haina hata injini. Donald Michie, aliyekuwa Edinburgh, hakuwa na kompyuta ya kutumia, basi akakusanya maboksi ya kiberiti. Kila boksi lilisimamia hali moja ya ule mchezo wa duara na msalaba kwenye miraba tisa. Ndani aliweka shanga za rangi, kila rangi mraba wake. Zamu ikifika unachukua boksi, unatikisa, na shanga inayotokea ndiyo inaamua. Ukishinda, shanga za rangi hiyo zinaongezwa. Ukishindwa, iliyokuponza inanyang'anywa. Baada ya michezo mingi, maboksi yakawa mchezaji hodari.
*Hukumu:* Tuzo na adhabu, basi. Wazo hilo hilo liko ndani ya roboti ghali za leo. Kiti cha tano kimeenda kwa karatasi na gundi, na sikiondoi.

4. Elmer na Elsie, kobe wa Bristol (1948–1949)
W. Grey Walter alikuwa mtaalamu wa ubongo, na alitaka kuonyesha kwamba tabia tata zinaweza kuzaliwa na waya chache. Kobe wake walikuwa na magurudumu matatu, jicho moja la kuona mwanga, na "seli za neva" mbili tu. Walifuata mwanga, wakagonga vitu wakazunguka, na betri ikipungua walielekea kibandani penye taa ili kujichaji. Ukimweka mbele ya kioo, kobe aliiona taa yake mwenyewe ikiwaka na kuzimika, akaanza kucheza kama ngoma imeingia mwilini. Walter alisema mnyama akifanya hivyo, watu wangeliita jambo hilo dalili ya kujitambua. Mwaka 1951 kobe wake walionyeshwa kwa umma kwenye Tamasha la Uingereza, London.
*Hukumu:* Kuzoea mazingira, alama zote. Kujifunza, bado. Walter aliliona pengo hilo akaunda kifaa kingine, CORA, kilichojifunza kuunganisha sauti ya filimbi na mwanga. Ningewaunganisha kobe na CORA, wangepanda nafasi moja.

3. Mkono unaogeuza chapati ya maji (2010)
Genoa, Italia. Petar Kormushev na wenzake waliufundisha mkono wa roboti kurusha chapati hewani na kuidaka kwa kikaango. Kwanza mtu aliushika mkono na kuuonyesha mwendo, kama unavyomshikisha mtoto mwiko. Kisha mkono ukaachwa uharibu wenyewe. Chapati ilikuwa ya bandia, hakuna unga uliopotea. Majaribio kama 50 yakatosha. Uzuri wenyewe ni huu: mkono uliamua kukaza wakati wa kurusha na kulegea wakati wa kudaka, ili chapati isidunde ikaruka nje.
*Hukumu:* Kulegea kwa wakati wake ni ufundi ambao wapishi wengi huchelewa kuupata. Viti vitatu vya mbele, karibu.

2. Mbwa aliyeanza chali (2022)
Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walimlaza chali roboti wa miguu minne aina ya Unitree A1, wakamwacha. Hakupitishwa kwanza kwenye mazoezi ya ndani ya kompyuta, wala hakuonyeshwa na mtu. Anajaribu kidogo, anajijengea picha ya dunia ilivyo, kisha anafanya mazoezi ndani ya picha hiyo. Saa moja baadaye alikuwa amejigeuza, amesimama, anatembea. Wakaanza kumsukuma kwa fimbo. Katika dakika kumi hivi akajua kuhimili, na akiangushwa, kuinuka upesi.
*Hukumu:* Punda huzaliwa asubuhi akatembea mchana; huyu ameanza kumkaribia. Namba mbili bila ubishi. Au ubishi upo?

1. Buibui wa miguu sita aliyevunjika (2015)
Antoine Cully, Jeff Clune, Danesh Tarapore na Jean-Baptiste Mouret walichapisha kazi hii kwenye jarida la Nature. Kabla ya kuumia, roboti hukusanya ramani ya namna kama 13,000 za kutembea. Ukimvunja mguu, hatafuti kwanza nini kimevunjika. Anachagua mwendo unaoelekea kufaa, anaujaribu, anaona matokeo, anapunguza matumaini kwa miendo inayofanana na ulioshindwa, anahamia mwingine. Ndani ya dakika mbili anachechemea kwa heshima.

Na kuna kituko. Katika kutengeneza ramani, kompyuta iliombwa itafute miendo inayogusa ardhi kwa nyayo kidogo iwezekanavyo, mpaka sifuri. Watafiti walidhani sifuri haiwezekani. Roboti ikajipindua chali na kutembea kwa viwiko. Nyayo hazikugusa chochote, sharti limetimizwa.
*Hukumu:* Meza kuu, kiti cha katikati, na apewe maikrofoni.

Sababu yangu ni hii. Roboti tunazozihitaji kweli ni za kuingia kwenye jengo lililoporomoka, kwenye mgodi uliofurika, kwenye moshi ambao zimamoto hawapiti. Huko hakuna fundi wa kuitwa. Mashine inayojua kazi yake vizuri kabisa na ikavunjika mguu mita kumi kabla ya majeruhi haijamsaidia mtu. Ndiyo maana nimewaweka mabingwa wa mazoezi nyuma na mchechemeaji mbele, na ndiyo maana naamini makongamano haya ya kujifunza na kujirekebisha ni ya maana kuliko maonyesho ya roboti za kucheza muziki.

Sasa zamu yako. Unataka Elsie awe wa kwanza? Unadhani maboksi ya kiberiti yamependelewa? Lete hoja. Lakini jiandae kujibu swali ambalo nimewauliza wote kumi: gurudumu likichomoka, anafanya nini?