Namna ya Kuumia Kistaarabu

Mwongozo huu ni wa mkimbiaji wa Jumamosi: yule anayevuka Daraja la Tanzanite alfajiri kabla jua halijachachamaa, mwenye fulana nyingi za mashindano kuliko mashati ya kazini, na ambaye wiki hii anashuka ngazi kiubavuubavu huku akiapa kwamba hana tatizo. Kama hujaumia, soma uweke akiba. Desemba na Januari, watu wanapoongeza kilomita kwa pupa kwa ajili ya Kilimanjaro Marathon na joto la Dar es Salaam likiwakaanga, zamu yako inaweza kufika.

La kwanza, kubali kwamba umeumia. Hapa ndipo wengi tunapokwama, maana mkimbiaji ana maelezo ya kila maumivu: pamekaza tu, nimelala vibaya, viatu bado vipya. Acha maelezo, tumia kidole gumba. Kaa kitandani, bonyeza mfupa wa muundi taratibu kutoka chini ya goti kushuka mpaka karibu na kifundo. Maumivu yakitanda sehemu ndefu, mara nyingi ni misuli na utando wa mfupa vilivyochokozwa. Yakiwa mahali pamoja, pa kufunikwa na sarafu, na usiku yanakuamsha, au ukiruka kwa mguu huo yanachoma, acha kukimbia leo hii na uende hospitali. Huenda mfupa umepata ufa. Tena usidanganywe na picha safi ya eksirei: ufa wa namna hiyo unaweza usionekane wiki za mwanzo, kwa hiyo mweleze daktari kwamba wewe ni mkimbiaji na umeongeza umbali kiasi gani. Mfupa wa muundi ukishapata ufa, kuunga kwake mara nyingi huchukua wiki sita hadi nane, wakati mwingine zaidi, na hauna habari na ada ya usajili uliyokwisha kulipa.

Baada ya kukubali, jiandae kupokea wageni. Kwetu mtu akichechemea hageuki tu kuwa mgonjwa, anageuka kuwa mali ya umma. Bodaboda wa kijiweni ana dawa. Mlinzi wa ofisini ana dawa. Shangazi ana mafuta ya nyonyo, na yuko njiani. Mpokee kwa heshima, mwamkie, mshukuru. Mafuta yakipakwa polepole juu ya ngozi nzima hayana ubaya, na mkono wa mtu anayekupenda una faida yake. Hatari ni maji ya moto na kuchuliwa kwa nguvu siku zile za mwanzo, kifundo kilichoteguka kikiwa bado kimevimba. Hapo sema, "Shangazi, daktari amekataza kuchua kwanza." Atakubali. Shangazi hubishana na wewe, habishani na daktari. Ila kamwone huyo daktari kweli, au mtaalamu wa fiziotherapia.

Usinywe diklofenaki ili ukimbie. Nalisema bila kupepesa, kwa sababu nimeona jinsi vidonge vinavyogawiwa mstari wa kuanzia kama pipi. Dawa hiyo inanyamazisha maumivu, haiponyi kilichochanika, na tumboni na kwenye figo ina madhara yanayoongezeka pale mwili unapokosa maji, yaani hasa katikati ya mbio ndefu juani. Barafu nayo ina hadithi yake. Mwaka 1978 daktari wa Marekani, Gabe Mirkin, aliandika kanuni iliyoenea dunia nzima: pumzisha, weka barafu, bana kwa bandeji, inua mguu. Miaka mingi baadaye yeye mwenyewe aliandika kwamba barafu na mapumziko ya moja kwa moja vinaweza kuchelewesha kupona. Basi ifunge kwa kitambaa, iweke dakika chache kupunguza maumivu, kisha uanze kuutumia mguu kadiri unavyoruhusu.

Sasa tuje kwa Akhwari, maana najua utamtaja. Kila mkimbiaji wa Tanzania akiambiwa apumzike humtaja John Stephen Akhwari, mtu wa Mbulu, aliyeanguka kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, akaumia goti na bega, akafungwa bandeji na kumaliza wa mwisho, wa 57, zaidi ya saa moja nyuma ya Mamo Wolde wa Ethiopia. Watu 75 walianza siku ile. Ni jambo kubwa, na wanaolikumbuka kwa machozi wana haki. Lakini Akhwari alikuwa na bendera kifuani, na nchi changa ilikuwa imemvusha bahari akakimbie siku moja tu. Wewe Jumamosi hii umetumwa na nani? Na kuna sehemu ya habari yake isiyosimuliwa vya kutosha. Mwaka 1970, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh, Akhwari alikimbia marathoni kwa saa 2:15:05 na kushika nafasi ya tano. Kati ya bandeji ile na nafasi ile palikuwa na mguu uliopewa nafasi ya kupona. Ukimwiga, mwige mpaka Edinburgh. Eliud Kipchoge naye, bingwa wa Olimpiki mara mbili mfululizo, mgongo ulipomsumbua Paris mwaka 2024 aliacha mbio baada ya kilomita 30 na kutembea. Hakuna aliyemwita mwoga.

Kisha kuna kazi ya kila siku, ambayo haina mashabiki. Chukua kano ya kisigino, ile ngumu unayoishika nyuma ya mguu juu kidogo ya kiatu. Haiponi kwa kulala kwenye kochi. Inataka mzigo, tena mzigo wa polepole. Simama kwenye ngazi kwa nusu ya mbele ya nyayo, visigino vikining'inia, shika ukuta. Panda juu kwa mguu mzima, hamishia uzito kwenye mguu mbovu, kisha kishushe kisigino chini ya usawa wa ngazi, polepole mpaka usikie shavu la mguu likinyooka. Rudia mara 15, mizunguko mitatu, asubuhi na jioni, kwa wiki 12. Huo ni utaratibu aliouchapisha daktari wa Sweden, Håkan Alfredson, mwaka 1998, na wataalamu wangali wanauanzia. Wiki 12 zinachosha. Fanya ukisubiri chai ichemke, jirani wakuone, wazoee.

Usijitenge na klabu. Upweke wa mkimbiaji aliyeumia ni wa kweli, na unawaumiza watu kuliko wanavyokiri. Fika Jumamosi na fulana yako, beba maji, shika saa, ongoza nyimbo za mchakamchaka ukiwa juu ya baiskeli ikiwa goti linaruhusu, kisha kaa kwenye supu na chapati pamoja na wenzako. Umelipia Kilimanjaro Marathon ya Moshi na mguu umekataa? Nenda Moshi hivyo hivyo mwishoni mwa Februari. Simama kwenye mwinuko wa barabara ya Mweka na ndoo ya maji, pale wakimbiaji wa kilomita 21 wanapoanza kuulizana nani aliwashauri, na uwaite kwa majina. Utafaa zaidi pale kuliko ukiburuta mguu kati yao.

Siku ya kurudi ndiyo ya hatari zaidi. Pumzi hurudi upesi kuliko kano na mifupa: utajisikia mwepesi, kifua kitakuambia uongeze, na mguu utakuwa bado haujawa tayari kwa mwendo huo. Anza siku unayoweza kutembea haraka nusu saa bila maumivu, si wakati wa kutembea wala asubuhi yake. Kimbia dakika moja, tembea mbili, rudia hivyo kwa dakika 20. Kesho yake pumzika uusikilize mguu ukitoka kitandani. Ukiwa kimya, mara inayofuata ongeza dakika moja ya kukimbia. Ukilalamika, rudi hatua moja nyuma bila kesi. Kaa mkiani mwa kundi pamoja na wanaoanza, na aliye mbele akikuita uongeze mwendo, mpungie mkono. Na fomu ya mashindano yajayo usiijaze kwanza, hata kama fulana ya mwaka huu ni nzuri, mpaka uwe umekimbia kilomita kumi na kuamka kesho yake ukashuka ngazi ukitazama mbele.