Sifa za Karatasi ya Mahudhurio

Tathmini, yaani upimaji wa iwapo mafunzo yamebadili mwenendo wa aliyefunzwa, ni kazi nzito, ndiyo maana wanastahili pongezi wale wanaoipima elimu ya pombe na dawa za kulevya jeshini kwa karatasi ya mahudhurio, kwa kuwa saini ya askari haijawahi kunuka pombe. Mkulima wa alizeti wa Singida Mjini angeiga busara hiyo, angehesabu mbegu alizopanda na kujipongeza, bila kusumbuka na foleni ya mashine ya kukamua mafuta. Shirika la Afya Duniani lina dodoso liitwalo AUDIT, lenye maswali 10 na alama hadi 40, ambamo alama 8 na zaidi huashiria unywaji wa hatari. Lakini koplo akiulizwa, mbele ya afande wake, hunywa chupa ngapi, jibu lake, bila shaka, litakuwa soda. Marekani nayo ilianzisha mwaka 1983 mpango wa DARE, wa kuwafunza wanafunzi kukataa dawa za kulevya, watafiti wakaona hauwazuii kutumia dawa hizo, nao ukazidi kupendwa. Basi na fulana za kaulimbiu zinazogawiwa kwenye mafunzo zihesabiwe pia, maana fulana huingia ukumbini siku moja tu, na kilabuni kwenye pombe ya mtama kila jioni.