Subiri Mota Ianze

Nyie vijana wa kamera za filamu mna maneno! Siku hizi kila anayeokota kikamera kidogo kwenye mtumba anakuja hapa kijiweni kutamba: "Hii haina kelele, unampiga mtu picha wala hajui." Nyoo! Hujui wewe.

Tuelewane kwanza kelele inatoka wapi. Yale makamera makubwa ya harusini yana kioo ndani. Ukibofya, kioo kinaruka juu, shata inafunguka, kioo kinarudi: kla-klak! Bwana harusi kageuka, shehe hata hajamaliza kuozesha. Kikamera cha mfukoni hakina kioo hicho. Shata yake mara nyingi ni vijibati vyembamba vilivyokaa humo humo kwenye lenzi, vinafunguka na kujifunga. Mlio wake kama mtu anakata kucha. Hapo sibishi.

Haya, picha umepiga. Sasa mota inaanza: zzziiit! Inavuta mkanda uende picha inayofuata, na jirani kashakutolea macho. Na zile picha 36 zikiisha, inaurudisha mkanda wote kwenye kopo lake, inalia weee! Uwe msibani siku hiyo, utatamani ardhi ikumeze. Fuji nyingi ndogo zina lao: ukishafunga mgongo tu, zinautoa mkanda wote nje ya kopo, halafu kila ukipiga, picha inaingia ndani. Angalau makelele makubwa yanaisha mapema, na mtoto mtundu akifungua mgongo, ulizokwisha piga ziko salama.

Anayetaka kimya cha kweli amtafute Maitani. Huyo ni Yoshihisa Maitani, fundi wa Olympus, aliyebuni kamera ya XA iliyotoka mwaka 1979: inaingia mfuko wa shati, mota hakuna. Unagusa kitufe chekundu, tik, basi. Mkanda unausogeza mwenyewe kwa kidole gumba, hata ukishatoka nje ya ukumbi. Konica nao miaka ya 1990 wakaleta Hexar, kubwa kidogo, ina mota, lakini wakaipa namna ya kunyamaza: inavuta mkanda taratibu, kwa adabu zake.

Sasa tazama vituko. Simu haina kioo wala mkanda, ila imepachikwa mlio wa kamera. Na simu zinazouzwa Japani, huko huko kwa Maitani, kwa kawaida mlio huo hauzimiki, maana wapo waliokuwa wanawapiga wenzao picha za kuiba.

Kwa hiyo, kijana, hilo "hajui" lako lifute. Kamera hunyamaza ili usimkere shehe, siyo ili umwibie mama wa vitumbua sura yake. Muombe. Akikubali, mota ilie itakavyo, atakuchekea na meno yote nje.