Mjusi wa Tendaguru na Taya Lisilo na Meno

(Berlin, jumba la makumbusho. Usiku, walinzi wanasinzia.)

TAYA: Shikamoo, mzee wa huko juu.

MJUSI: Marahaba. Nani huyo? Simwoni mtu.

TAYA: Ni mimi, Brancatherulum, niko kwenye droo. Kwetu Tendaguru, Lindi, kama wewe.

MJUSI: Mbona kibogoyo?

TAYA: Ndivyo walivyonikuta. Wewe nawe kichwa hicho cha juu si cha bandia?

MJUSI: Punguza sauti, watu hulipa kiingilio! Tangu 1937 nimesimama hapa, mita 13 na ushei.

TAYA: Na wanaolipa ni mamalia, ukoo wangu. Hupita kwenye droo ya ndugu yao wakikimbilia kupiga picha na mjusi.

MJUSI: Ukubwa dawa, mwanangu. Bungeni Dodoma wamegonga meza wakidai mjusi arudishwe. Wewe nani anakudai?

TAYA: Nirudishwe na nani, nami naenea mfuko wa shati? Mzigo wa mfuko wa shati haupigiwi makofi. Wewe ulibebwa na wapagazi kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Kati ya 1909 na 1913 mifupa ilipita tani 200, vichwani na mabegani, na vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha juzi tu.

MJUSI: Wale walikuwa wanaume! Walikuwa akina nani?

TAYA: Waniuliza mimi, wakati uliopanda vichwa vyao ni wewe? Haya, jina lako nani?

MJUSI: Giraffatitan brancai.

TAYA: Huyo Branca nani?

MJUSI: Mkurugenzi wa hapa, zama zile.

TAYA: Alibeba mfupa gani?

MJUSI: (Anakohoa.)

TAYA: Nami mwaka 1927 nikaitwa kinyama cha Branca. Nimelala miaka milioni 150, kuamka nakuta nina mwenyewe! Boheti bin Amrani, aliyewasimamia wachimbaji, je?

MJUSI: Acha kununa. Wataalamu wamejirekebisha. Boheti alipata dinosaria wake mwaka 2007, Australodocus bohetii. Na mwaka 2019 dinosaria mwingine wa kwetu alipewa jina la Wamwera, wenyeji wa Lindi, pamoja na la Mohammadi Keranje, aliyekuwemo kwenye uchimbaji. Anaitwa Wamweracaudia keranjei.

TAYA: Alhamdulillahi! Baada ya miaka zaidi ya mia! Na huyo dinosaria wao, amepatikana mzima?

MJUSI: Mkia.