Uainishaji wa Awali wa Wanywaji wa Uji wa Ulezi

Ulezi (Eleusine coracana), ambao Kenya huitwa wimbi, ni nyasi ya familia moja na mahindi na muwa. Ulianza kulimwa kwenye nyanda za juu za Afrika Mashariki, kati ya Ethiopia na Uganda, kisha ukavuka bahari hadi India. Linnaeus aliupa jina mwaka 1759, Gaertner akauhamishia jenasi nyingine mwaka 1788, na tangu hapo wanabotania wametulia. Tatizo ni kwamba waliainisha mmea, wakamsahau mnywaji. Kwa uchunguzi wa foleni za uji wa asubuhi, wanywaji wako makundi manne yaliyothibitika na moja la kinadharia.

Kundi la kwanza ni Wazazi, yaani waliotoka kujifungua. Hawa hawanywi, wananyweshwa. Uji huja na pilipili manga, ukiwa wa moto wa kutoa jasho, na aliyeuleta, aghalabu mama mkwe, habanduki mpaka kitako cha bakuli kionekane. Inasemekana unashusha maziwa. Daktari akieleza kwamba anayenyonyesha anahitaji maji na chakula cha kutosha, mama mkwe hujibu kwamba ndicho alichokuwa akisema siku zote.

La pili, kubwa kuliko yote, ni Waongeza Damu. Hawa wanafuata Nadharia ya Rangi: chochote chekundu kikiingia tumboni hugeuka damu. Rozela imo, bitiruti imo, na ulezi kwa wekundu wake wa udongo umo. Nadharia ilitikiswa na matembele, majani ya kijani kibichi, mpaka watetezi wake walipokamulia ndimu maji yaliyoyachemsha na kuyaona yakiwa mekundu mbele ya mashahidi. Sasa, chuma kwenye ulezi kipo, hakuna ubishi. Lakini tanini, ambazo ni nyingi zaidi kwenye ulezi mwekundu kuliko mweupe, zikishirikiana na faiteti, hukishika chuma hicho kisifyonzwe kirahisi. Rangi inayosifiwa ndiyo mshukiwa wa kwanza. Anayeokoa jahazi ni ndimu au ukwaju, ambao muuzaji anaweka kwa ajili ya ladha tu. Mnywaji akimaliza, anaagiza chai ya rangi, yenye tanini zake, na hesabu inaanza upya.

Wagonjwa wa kisukari nimewaacha nje ya makundi. Wanasifu ulezi usiokobolewa, na wana haki, lakini wengi wao nimewaona wakiongeza vijiko vitatu vya sukari.

Kundi la tatu ni Watoto wa Unga wa Lishe. Humu ulezi husagwa na mahindi, mchele, soya, karanga, wakati mwingine na dagaa, kwa imani kwamba kila nafaka ikialikwa mtoto atanenepa. Kilicho muhimu zaidi hakialikwi: kimea. Ulezi ukilowekwa, ukaachwa uchipue, ukakaushwa na kusagwa, huwa na vimeng'enya vinavyokata wanga. Chukua uji mzito, ule ambao mwiko unasimama wenyewe; ukipoa kidogo, tia kijiko kimoja cha kimea, koroga, subiri. Unalegea hadi kumiminika bila tone la maji, kisha unachemshwa tena kidogo. Bakuli ni lilelile lakini limebeba unga mwingi zaidi, na tumbo la mtoto ni dogo. Mama asiyekijua kimea huumwaga, akidhani umeharibika.

Kundi la nne linakijua kimea vizuri mno. Ni Wazee wa Mbege, huko Uchagani, wanaokichanganya na ndizi zilizopikwa na kuchachushwa, pamoja na gome chungu la msesewe. Ndilo kundi pekee ambalo halijawahi kulalamikia ladha ya dawa.

Kundi la tano ni Waimarisha Mifupa. Gramu 100 za ulezi zina takriban miligramu 350 za kalsiamu, zaidi ya mara kumi ya mchele au mahindi, na hakuna nafaka kuu inayoukaribia. Kundi hili bado halijapata mwanachama.